Seva iko London, mbona poti 21 inaitika kutoka hapa hapa Mkomani? Nisaidieni kusoma majibu ya nmap, programu ya kuskani poti

#1 · FundiLangoni · Lamu · Jumamosi, saa 3 usiku

Assalaam aleikum nduzangu.

Kichwa chaniuma tangu juzi. Natunza mtandao wa nyumba ya wageni hapa Lamu, upande wa Mkomani. Vyumba 14, ruta moja, swichi mbili, redio inayorusha mtandao mpaka nyumba yao ya pili kule Shela, kamera sita, printa ya mapokezi, na waifai ya wageni yenye ule ukurasa wa kuingiza nambari ya chumba kwanza. Programu ya kuwekea vyumba haiko hapa, iko kwenye seva ya kukodi huko London.

Mwenye nyumba alileta mkaguzi kutoka nje. Akakaa sebuleni nusu siku na laptop yake, akamaliza birika zima la kahawa tungu, akashika boti ya Mokowe akaenda zake. Kesho yake ripoti ikaja, nyekundu juu mpaka chini. Yaliyonitoa jasho ni haya: eti mtandao wa ofisi una mashine 254 zilizo hai, na mimi nikihesabu kila kitu chenye waya au antena sizidi 31. Eti seva ya London ina poti (milango yenye nambari, kila huduma na wake) 21 na 554 wazi, yaani FTP ya kuhamishia faili, na kamera. Kamera gani ndani ya seva? Tena eti anwani yetu ya intaneti ina poti 22 na 443 wazi kwa dunia nzima.

Na wakati anaskani, printa ilitoa karatasi 38 bila mtu kuituma. Binti wa mapokezi akachomoa waya akasoma Ayatul Kursi.

Nimeskani mwenyewe mara tatu: kwa waya wa ofisini, kwa waifai ya wageni, na nyumbani kwa bando la simu. Majibu matatu, hakuna linalofanana na jingine. Mwenye nyumba ananitazama kama niliyemuuzia samaki wa juzi.

#2 · MpigaKasia

Nimefungua uzi nikidhani ni poti ya Kililana, nikasema leo tutasikia meli ngapi zimetia nanga. Haya, nimekaa, endeleeni.

#3 · ZimaUwashe

Zima ruta, hesabu mpaka 30, washa.

#4 · BintiCasuarina · Malindi

Waaleikum salaam. Fundi, usizime chochote. Na ripoti iweke kando kwanza, hayo ni maneno ya mtu mwingine kuhusu alichokiona. Tuletee ulichokiona wewe. Kaa kwenye ule waya wa ofisini, uandike hivi:

`sudo nmap -n -Pn --reason -p 21,22,80,443,554 SEVA`

Hiyo `--reason` ndiyo ninayoitaka. Kwa nini? Skana haina macho. Inapiga hodi tu na kuandika ilichosikia. Ikisikia "karibu", yaani pakiti ya SYN-ACK, inaandika open. Ikisikia "hapa hakuna mtu", yaani RST, inaandika closed. Isiposikia kitu inaandika filtered. Hapo hakuna mahali palipoandikwa *nani* aliyejibu. Nyinyi wa Lamu mna daka mlangoni, kile kibaraza cha kukalia. Mgeni apiga hodi, mtu aliyejikalia dakani anaitikia "karibu, karibu", na mwenye nyumba yuko Mombasa wiki ya pili. Mgeni akirudi kwao atasema alikaribishwa, na hakusema uongo.

#5 · FundiLangoni

Haya dada:

```
PORT    STATE SERVICE REASON
21/tcp  open  ftp     syn-ack ttl 64
22/tcp  open  ssh     syn-ack ttl 47
80/tcp  open  http    syn-ack ttl 47
443/tcp open  https   syn-ack ttl 47
554/tcp open  rtsp    syn-ack ttl 64
```

#6 · BintiCasuarina

Umeiona?

Tazama safu ya mwisho. Pakiti inapoondoka kwa mwenyewe hubeba hesabu (ndiyo hiyo `ttl`), na kila ruta inayoipitisha inapunguza moja. Linux huanza na 64, Windows 128, vifaa vingi vya mtandao 255. Poti 22, 80 na 443 zimefika na 47: zimeanza na 64, zikavuka ruta 17. Hizo zimesafiri kweli. Sasa 21 na 554 zimefika na 64 kamili. Jibu lililotoka London likafika Mkomani bila kuvuka ruta hata moja! Hilo halikutoka London. Limetoka kwa jirani wa waya wako.

Thibitisha kwa muda, maana hesabu ya TTL mtu anaweza kuighushi lakini umbali haughushiki:

`sudo nping --tcp -p 22 SEVA`
`sudo nping --tcp -p 21 SEVA`

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka kwenu mpaka London, hata ungenyoosha waya kama kamba ya tanga, ni zaidi ya kilomita 6,500. Kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 65. Ukipata chini ya hapo, ujue aliyejibu si wa huko.

Kisha nifanyie jambo moja la kukuchekesha. Skani poti hizo hizo kwenye 192.0.2.1. Fungu hilo la anwani limetengwa kwa mifano ya vitabuni tu, kwenye intaneti hakuna mashine inayokaa hapo.

#7 · FundiLangoni

Poti 22: milisekunde 171.
Poti 21: milisekunde 1.3.

Na 192.0.2.1… poti 21 open, poti 554 open 😂 Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia nimepiga hodi makaburini nikaambiwa karibu.

#8 · BintiCasuarina

Basi mkaaji wa dakani ni ruta yenu. Ruta na faiawoli nyingi zina wapatanishi wa itifaki za zamani: FTP, RTSP ya video, mara nyingine SIP ya simu kwenye 5060. Itifaki hizi hubeba anwani ndani ya mazungumzo yenyewe, na NAT (ruta kuvisha vifaa vyote anwani moja ya nje) huzivuruga, ndiyo ruta ikapewa kazi ya kuingia katikati kuzitengeneza. Baadhi yao huitikia kwanza kwa niaba ya kila anwani duniani, kisha ndiyo huenda kutafuta kama mwenyewe yupo. Mkaguzi wako aliskani akiwa nyuma ya ruta hiyo. Seva ya London haina hatia.

Mambo mawili zaidi nikiwa hapa. Lile neno "rtsp" kwenye safu ya SERVICE si ushahidi wa kitu. Bila `-sV`, ya kuihoji programu yenyewe, nmap huangalia nambari kwenye orodha yake na kuandika jina lililozoeleka kwa nambari hiyo. Ukiweka duka la nazi kwenye poti 554 bado litaandikwa rtsp. Na kama hamtumii FTP ya zamani, zimeni wapatanishi hao kwenye ruta, kisha rudia 192.0.2.1.

Kwenye waifai ya wageni utaona jingine: poti 80 wazi kila mahali, kwa sababu ule ukurasa wa nambari ya chumba hunyaka kila anayeelekea 80. Usiskani chochote cha maana ukiwa humo.

#9 · FundiLangoni

Nimezima. Nimerudia 192.0.2.1, sasa kimya. Mashallah.

Hizo mashine 254 je? Huko hatuvuki ruta, ni ndani kwa ndani.

#10 · BintiCasuarina

Ndani kwa ndani nmap haitumii ping, hutumia ARP: "nani mwenye anwani hii?" Na huyo anayejibu hutaja MAC yake, nambari ya kiwandani ya kifaa. Hesabu MAC ziko ngapi tofauti:

`sudo nmap -sn -n 192.168.20.0/24 | grep MAC | sort | uniq -c | sort -rn`

#11 · FundiLangoni

Mstari wa kwanza: 224, zote MAC moja. Chini yake mistari 29 yenye 1, 1, 1. Nimegeuza redio ya Shela kusoma kibandiko mgongoni. Ndiyo yenyewe!!

#12 · BintiCasuarina

224 na 29, na laptop yako mwenyewe, 254. Hesabu imetimia na vitu vyako (hivyo 29, redio na laptop) ni 31 kama ulivyosema. Redio imewekwa proxy ARP, kila anwani ikiulizwa yeye anasema "ni mimi". Wakati mwingine ina kazi yake, kwenye redio za kuunganisha nyumba mbili hasa. Kama nyumba ya Shela inafanya kazi bila hiyo, izime. Lakini jaribu wakati hakuna wageni, usije ukavuka mpaka Shela usiku kwa mguu kuiwasha.

#13 · MtuWaMokowe

Samahani naingilia. Hiyo poti 22 na 443 ya "anwani yetu ya intaneti", uliipataje hiyo anwani? Na ruta yako yenyewe, upande wa nje, inaonyesha anwani gani?

#14 · FundiLangoni

Ile ya kwenye ripoti mkaguzi aliipata kwenye zile tovuti za "anwani yangu ni ipi". Ruta yenyewe upande wa nje inaonyesha 100.78 na kuendelea.

#15 · MtuWaMokowe

Basi mmekagua nyumba ya watu. Kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaowafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ile ya kwenye tovuti ni ya mtoa huduma wenu, mnaitumia nyinyi na wengine msiowajua. Hizo 22 na 443 ni za kifaa chake yeye au za mtu mwingine kabisa. Toa ukurasa huo kwenye ripoti.

Hata ingekuwa anwani yenu halisi, kuiskani ukiwa ndani ya nyumba ni shida. Ruta nyingi zikiona unaelekea anwani yao ya nje huku umetoka ndani, zinakujibu kama mtu wa ndani, na ukurasa wa msimamizi zinakuonyesha. Mimi iliwahi kunipata. Nilimfungia mteja poti ambayo nje haikuwa wazi hata siku moja, nikamdai na pesa.

#16 · MpigaKasia

Ulirudisha?

#17 · MtuWaMokowe

Tuendelee na mada.

#18 · FundiLangoni

😂😂 Na printa jamani? Karatasi ninazo. Ya kwanza imeandikwa juu kabisa `GET / HTTP/1.0` basi, ukurasa mtupu. Ya pili `OPTIONS / HTTP/1.0`. Nyingine `OPTIONS / RTSP/1.0`. Moja imeandikwa `HELP` peke yake katikati ya weupe. Hiyo ndiyo iliyomtoa binti mbio.

#19 · BintiCasuarina

Maskini. Mwambie ni salamu za skana. Poti 9100 ya printa inapokea chochote na kukichapisha, haiulizi. Mtu akitaka kujua ni programu gani iko nyuma ya poti hutuma maneno ya majaribio, na printa ikayachapisha yote. Nmap kwa kawaida huiruka 9100 wakati wa `-sV` kwa sababu hii hii, mpaka mtu aongeze `--allports`. Mkaguzi wenu aliongeza, au alitumia chombo kingine kisicho na adabu hiyo.

#20 · Mkongwe_wa_Swichi

Nimesoma kimya, sasa naomba mnisikilize kidogo. Mnafurahia sana kuonyesha kila nyekundu ni uongo. Nmap ipo tangu 1997, Gordon Lyon alipoichapisha kwenye jarida la Phrack, na miaka yote hii nimeona watu wakiumizwa zaidi na kile ambacho skana *haikukionyesha*. Kijani ya uongo haimpigii mtu simu.

#21 · BahariaFaza

Mkongwe kasema kweli, na mimi ndiye shahidi. Kuna kambi ya wageni nilikuwa naihudumia, kaskazini huko kuelekea Kiwayu, intaneti yao ilikuwa ya dishi, ya ile setelaiti inayosimama juu kilomita 35,786. Nikawaskani kutoka Faza usiku, nina haraka, nikaweka `-T5`, kasi ya juu kabisa. Poti 1000 zote filtered. Nikampigia mwenye kambi nikamwambia lala salama.

Sasa dishi lile, mchana hakuna mtu, pakiti kwenda na kurudi ni milisekunde 640. Usiku wageni wakifungua video zao inapita sekunde nzima na pakiti zinamwagika njiani. Na `-T5` humngojea mtu milisekunde 300 kwa kila jaribio, ikirudia mara mbili tu, basi imekata tamaa. Nilikuwa napiga hodi na kukimbia kama watoto wa chuoni.

Nikarudia alfajiri bila T yoyote. Poti 23 wazi, telnet ya kuingilia mashine kwa mbali, na nywila ya kiwandani haijabadilishwa. Kati ya skani hizo mbili ilipita miezi mitano. Sikumwambia lile la kwanza lilikuwa kosa langu, nilisema "nimeongeza ukaguzi". Leo nasema hapa kwa kuwa hamnijui sura.

#22 · MpigaKasia

Faza watu ni wangapi, tutakujua tu.

#23 · KijanaWaLangobaya

Swali dogo: UDP (zile pakiti zisizopigiana hodi na karibu kwanza) yote naona "open|filtered". Ni wazi au si wazi?

#24 · BintiCasuarina

Ni "sijui". Poti ya UDP iliyo wazi mara nyingi hunyamaza, na iliyozuiwa na faiawoli hunyamaza pia. Iliyofungwa ndiyo hujibu, kwa ICMP (ujumbe wa hitilafu), na Linux hutoa jibu kama hilo moja hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukiskani zote 65,535 utakaa zaidi ya saa 18. Chagua chache (53, 123, 161) na uongeze `-sV` ili itume maneno ya itifaki yenyewe.

#25 · KijanaWaLangobaya

Shukran dada. Naweza kujaribia kwenye hoteli ya jirani?

#26 · Mkongwe_wa_Swichi

Hapana. Kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na kuna mwenye hoteli. Pata ruhusa kwa maandishi au jiskani mwenyewe.

Fundi, turudi kwako. Seva ya London hujaikagua bado. Umethibitisha 21 na 554 ni za ruta, basi. Mkaguzi aliskani poti ngapi?

#27 · FundiLangoni

Ripoti inasema "1000 za kawaida".

#28 · BintiCasuarina

Kati ya 65,535. Mkongwe, ahsante, hapo nilikuwa naelekea nikachelewa.

Fundi, fanya pande mbili. Kwanza ingia ndani ya seva yenyewe umuulize mwenye nyumba bila kupitia dakani: `sudo ss -tlnp`. Kinachosikiliza kwenye 127.0.0.1 kiko chumbani peke yake, cha 0.0.0.0 kinasikiliza kila mlango. Kisha kodi kiseva kidogo popote, kwa saa moja tu, pasipo ruta ya hoteli wala bando la simu katikati, uskani kutoka huko: `sudo nmap -n -Pn --reason -p- SEVA`. Linganisha orodha mbili. Pasipolingana ndipo pa kukaa.

#29 · FundiLangoni · Jumapili, saa 5 asubuhi

Nduzangu, sijalala.

Ndani ya seva, `ss` imeonyesha 22, 80, 443, na hii:

```
LISTEN 0 4096 0.0.0.0:33306 0.0.0.0:* users:(("docker-proxy",...))
```

Nikaangalia `ufw status`: inaruhusu 22, 80, 443 tu, mengine yote deny. Nikasema alhamdulillahi, faiawoli imeizuia. Nikaskani kutoka kiseva cha nje: 33306 open, syn-ack ttl 54. Nikaongeza `-sV`, ikaandika mysql. Hifadhidata ya wageni wote, majina, simu, nambari za pasipoti, iko barabarani. Na ufw bado inaapa kwamba imefunga!

#30 · BintiCasuarina

Hapo sasa.

Ufw haidanganyi, imezungukwa. Docker (inayoendesha programu ndani ya visanduku, yaani kontena) ukiiambia itoe poti nje, inaandika sheria zake yenyewe kwenye iptables, faiawoli ya ndani ya Linux, na pakiti inageuzwa kuelekea kontena kabla haijafika kwenye sheria za ufw. Ufw analinda mlango wa mbele, Docker katoboa dirisha la uani. Aliyeiweka alitaka kuifikia hifadhidata kwa laptop yake siku moja, akachagua nambari ya ajabu akidhani hakuna atakayeiona, akasahau. Kwenye faili ya compose tafuta `33306:3306` uifanye `127.0.0.1:33306:3306`, uinue kontena upya. Skani tena kutoka nje, si kutoka Mkomani.

#31 · Mkongwe_wa_Swichi

Na ubadilishe nywila ya hifadhidata leo hii, na usome kumbukumbu za nani ameingia. Poti imekuwa wazi tangu lini hatujui. Mwambie mwenye nyumba pia, hizo ni taarifa za watu.

#32 · FundiLangoni · Jumapili, saa 10 jioni

Nimefanya. Kutoka nje sasa 33306 ni filtered, no-response. Ndani inasikiliza 127.0.0.1 peke yake. Nywila nimebadilisha, kumbukumbu nimezipakua, nazisoma polepole, mpaka sasa naona programu yetu yenyewe na majaribio mengi ya kubahatisha yaliyokataliwa. Sijafika mwisho.

Mwenye nyumba nimekaa naye dakani (ndiyo, dakani) nikamweleza lote. Akauliza hiyo 33306 iko ukurasa wa ngapi kwenye ripoti. Nikamwambia haimo. Akanyamaza, akaagiza kahawa, kikombe kimoja, chake.

#33 · ZimaUwashe

Kwa hiyo hukuzima ruta?

#34 · FundiLangoni

Hapana shekhe. Lakini binti wa mapokezi bado hajakubali kurudisha waya wa printa. Zile karatasi 38 amezikata vipande, anaandikia orodha ya soko upande wa nyuma. Ile ya `HELP` ameitia kwenye bahasha, eti atampelekea maalim.